Visigino Vitatu, Kidonda Kimoja

"Shikamoo, afande. Samahani, nikuulize jambo dogo. Kile kidonda changu kilikuwa kwenye kisigino cha kulia au cha kushoto?"

Aliyeuliza alikuwa mpagazi mmoja mwenye kichwa kisicho na unywele hata wa dawa, wenzake wakimwita Kipara. Aliuliza kwa sauti ya chini, ameinama, kama mkwe anayeuliza choo kiko wapi. Ilikuwa saa mbili unusu asubuhi, kwenye korido ya mahakama, na Sajini alikuwa amekaa kwenye benchi la mashahidi, faili mapajani, akisubiri kuitwa.

"Kidonda gani?" Sajini akamuuliza.

"Kile cha kwenye karatasi, afande. Jana mwendesha mashtaka alitusomea maelezo yetu tujikumbushe. Imeandikwa kwamba nilikaa juu ya magunia kwa sababu nilikuwa na kidonda cha kisigino, ndipo nikamwona yule fundi akitoka ghalani. Sasa mimi kidonda sijawahi kuwa nacho maishani. Nisije nikakuharibia kazi."

Sajini akatazama huku na huku, kisha akafungua faili juu ya mapaja yake na kupekua. Maelezo ya shahidi wa kwanza, yule wanayemwita Mrefu: *nikiwa nimekaa kwa sababu ya kidonda kilichokuwa kwenye kisigino changu cha kushoto.* Maelezo ya shahidi wa pili, Kipara: *kisigino changu cha kushoto.* Ya tatu yalikuwa ya Bubu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa huweza kumaliza wiki nzima bila kutamka sentensi. Naye pia alikuwa na kisigino chake cha kushoto.

"Cha kushoto," akajibu. Neno lilimtoka kabla hajaliwaza.

"Ahsante sana, afande," akasema Kipara, akarudi kwa wenzake amefurahi.

Lazima nikueleze habari za Sajini huyu, maana ukimwona kwa mbali utamdhania mwingine. Sajini hakuwa askari katili. Kituoni walimwita Mwandiko, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri kupita wa karani yeyote. Kwa miaka ishirini na saba aliandika maelezo ya mashahidi, mstari haupindi, wino haumwagiki, na waendesha mashtaka wakipokea faili lake walikuwa wakisema, hii sasa ni kazi. Hakumpiga mtu kofi hata siku moja, na alijivunia jambo hilo waziwazi, hasa mbele ya wale wenzake waliopiga. Yeye alitumia kalamu tu. Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe, lakini nani angeuona? Kalamu haiachi alama mgongoni mwa mtu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, ghala moja la pampu za maji lilivunjwa mara tu baada ya jua kuzama. Mlinzi alipigwa nondo ya kichwa. Hakufa, ila siku ile ilifutika kabisa kichwani mwake, na mpaka leo ukimuuliza anakwambia anakumbuka chai ya asubuhi, basi. Wiki mbili kabla ya hapo, fundi wa pampu wa ghala lile alikuwa amefukuzwa kazi, akatoka akipiga kelele kwamba watamkumbuka. Sasa niambie, askari gani hataanza na huyo? Kesho yake fundi alikamatwa. Akasema jana jioni alikuwa amelala nyumbani. Mama yake, asijue mwanawe kasema nini, akaeleza kwamba kijana alitoka kabla ya magharibi na kurudi ametapakaa matope mpaka magotini. Basi, Mwandiko akafunga hesabu yake palepale. Njia ya mwongo ni fupi, akasema moyoni, na huyu yake imefika mwisho.

Jioni hiyo wapagazi watatu waliokuwa wakipakia lori jirani na ghala wakaletwa kituoni. Zamu ilikuwa inaisha, miguu inawaka moto ndani ya buti. Aliandika maelezo ya Mrefu kwa ukamilifu. Wale wawili walipoulizwa wakasema, "Sisi tulikuwa naye." Sajini akawaambia wakae. Akachukua karatasi mbili, akanakili ya Mrefu neno kwa neno, akabadilisha jina na umri, wakabonyeza vidole gumba chini ya ile sentensi isemayo kwamba maelezo haya nimesomewa na ni sahihi. Ilikuwa mara ya ngapi kufanya hivyo? Hakuwahi kuhesabu. Kila mtu hufanya, alijiambia, na wahusika hawajali.

Tatizo ni kwamba watu wadogo wakishabonyeza kidole huamini karatasi kuliko macho yao. Huogopa kwamba ukienda kinyume na karatasi, wewe ndiye utakayefungwa.

Mrefu akaitwa ndani. Kisha Kipara. Kisha Bubu. Kila mlango ulipofunguka, Sajini alisikia sauti ya mwendesha mashtaka, halafu kimya kirefu, kisha sauti tena. Kwenye benchi la mkabala alikaa mama mtu mzima, mkoba wake umebanwa kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka nje kidogo kupunga upepo, presha inamsumbua. Alikuwa mama yake fundi.

"Baba," akamwambia Sajini, "nimekuwa nikitaka kukushukuru. Mwanangu aliniambia hukumgusa hata kwa kidole. Wengine hutoka huko hawana meno. Mungu akuzidishie."

Sajini akasema, "Amina, mama." Aliona haya hadi masikio yakawaka. Kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha halina mzaha: miaka thelathini. Fundi mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Shahidi wa nne!" karani akaita.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni ya darini inazunguka kwa kulalamika, na madirisha yamepakwa rangi nusu ili wapita njia wasichungulie. Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuwa na mashine wala mpiga chapa. Aliandika kila neno kwa mkono wake, kwenye daftari kubwa, na kila aliyewahi kupanda kizimbani pale alijua kanuni: sema sentensi, tazama kalamu, kalamu ikisimama, endelea. Sajini aliijua kanuni hiyo kama anavyojua ngazi za nyumbani kwake.

Akaapa. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akamwongoza taratibu. Alipokea taarifa saa ngapi. Alimkamata nani. Mshtakiwa alisema nini. Kalamu ikakimbia, ikasimama, ikakimbia.

"Na maelezo ya mashahidi hawa watatu, uliyaandika kama walivyoyatamka wenyewe?"

Sajini alitazama nyuma ya chumba. Wapagazi watatu walikuwa wamekaa safu moja, mikono mapajani. Mbele yao, kwenye kizimba cha mshtakiwa, fundi alisimama ameshika mbao kwa vidole vilivyokonda. Mama yake alikuwa amerudi ndani, na alipokutana macho na Sajini akatabasamu.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kama walivyoyatamka."

Kalamu ikaandika. Ikasimama.

"Sina swali zaidi," mwendesha mashtaka akasema.

Hakimu akamgeukia mshtakiwa. Hakuwa na wakili. Wakili ni wa mwenye nacho. "Una haki ya kumuuliza shahidi maswali. Maswali, si maelezo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa." Fundi akakohoa. "Afande, siku ile nilikwambia nilikuwa wapi?"

"Ulisema ulikuwa umelala nyumbani."

"Nilikudanganya."

Chumba kizima kikavuta pumzi. Mwendesha mashtaka akakaa vizuri kitini kama mtu aliyeandaliwa sahani. Hakimu akainua kichwa. "Nimesema maswali," akamkumbusha, lakini bila ukali.

"Naomba nimalize, Mheshimiwa, ndipo swali lije. Nilikuwa mtaroni. Naunga bomba la watu kwenye bomba kuu, bila kibali. Nilijua nikisema nitafungwa miezi mitatu. Nikadanganya." Akacheka kicheko kisicho na raha. "Nimeruka majivu nikakanyaga moto. Basi swali langu ni hili, afande. Mimi nilidanganya kwa sababu niliogopa. Wale ndugu watatu pale, walichokisema juu yangu, walikisema wenyewe?"

Lilikuwa swali lilelile. Mwendesha mashtaka alikwisha kuliuliza, na jibu lake lilikwisha kuandikwa. Sajini angeweza kulirudia, akashuka, akaenda kunywa chai. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema:

"Mheshimiwa, naomba kurekebisha jibu langu."

Kalamu ikasimama.

"Maelezo ya shahidi wa pili na wa tatu sikuyaandika kutoka midomoni mwao. Niliyanakili kutoka ya shahidi wa kwanza. Ushahidi ni kidonda cha kisigino. Mwenye kidonda alikuwa mmoja. Mimi nikawagawia wote watatu."

Kuna aliyecheka nyuma, akajiziba. Mwendesha mashtaka alisimama nusu, akakaa, akasimama tena. Hakimu hakushtuka. Alirudisha kurasa za daftari lake taratibu, akaweka kidole mahali pamoja, kisha pengine, kisha pengine.

"Visigino vitatu," akasema. "Vyote vya kushoto. Nilivipigia mstari asubuhi. Nikadhani labda ni viatu wanavyopewa kazini vinawakwaruza. Nyinyi watatu, njooni mbele. Vueni viatu."

Hapo ndipo mahakama ilipoona kituko. Watu wazima watatu, mmoja mrefu kama nguzo ya simu, mmoja mwenye upara, mmoja asiyesema, wamesimama mbele ya meza ya hakimu wakivua viatu, harufu ikatembea hadi kwa karani. Karani akafungua dirisha bila kuambiwa. Hakimu akashuka, akainama, akatazama kisigino kimoja kimoja kama mnunuzi wa mihogo. Cha Kipara kilikuwa kigumu, chenye nyufa, lakini kizima. Cha Bubu vilevile. Nyuma ya mguu wa kushoto wa Mrefu palikuwa na kovu, limekunjamana kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa uzi.

"Wewe," hakimu akamuuliza Kipara, "ulimwona mshtakiwa jioni ile?"

Kipara akajibu, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa upande wa pili wa lori. Sikumwona mtu. Karatasi ndiyo iliyosema."

"Na wewe?"

Bubu akatikisa kichwa. Kisha, kwa mshangao wa wote waliomjua, akazungumza: "Nilikuwa nimelala ndani ya lori. Bosi asijue, tafadhali."

Watu wakaangua kicheko, na hata Sajini akajikuta anatabasamu. Kifua chake kilikuwa kimekuwa chepesi. Amesema kweli, kumbe si vigumu kiasi hicho! Atapewa onyo, pengine atakatwa cheo, lakini kijana atarudi kwa mama yake. Aliwaza hivyo kwa muda wa kama dakika moja, na ilikuwa dakika tamu.

Hakimu alirudi kitini. Akavaa miwani, akaandika kwa muda mrefu, midomo imebana. Kisha akazungumza huku bado anaandika.

"Ushahidi wa shahidi wa pili na wa tatu nautupa. Unabaki wa shahidi wa kwanza."

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akadakia, na sasa sauti yake ilikuwa na nguvu mpya, "naomba mahakama izingatie kwamba shahidi wa kwanza amethibitishwa mbele ya macho yetu. Kidonda anacho. Alikaa pale, kama alivyosema. Na afande mwenyewe, kwa kiapo, ametuambia kwamba maelezo ya huyu mmoja ndiyo ya asili. Sheria haihesabu vichwa. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha. Ukiongeza na mshtakiwa aliyekiri leo hii kwamba aliwadanganya polisi..."

"Nimekusikia," hakimu akasema, na kalamu yake haikusimama. Ilikuwa inakubaliana naye. Sajini alikuwa ameitazama kalamu ile kwa miaka mingi mno asiweze kukosea.

Aligundua alichokifanya. Alidhani anamfungulia fundi mlango; kumbe alikuwa ametupa makapi mawili tu, na ile punje moja iliyobaki sasa ilikuwa inang'aa kuliko mwanzo. Na punje yenyewe alikuwa anaijua vizuri. Kulikuwa na jambo jingine la jioni ile, jambo ambalo hata koridoni asubuhi hakutaka kulitazama, kwa kuwa hilo halikuwa uvivu. Ulikuwa uongo wake mwenyewe.

"Mshtakiwa, una swali jingine kwa shahidi?"

Fundi alitazama mama yake, akamtazama hakimu. Hakuwa mjinga, naye alikuwa ameona upepo umegeuka. Mabega yalimshuka. "Sina, Mheshimiwa."

"Shahidi, unaweza kushuka."

Sajini hakushuka. Alishika ukingo wa kizimba. Aliogopa. Siwezi kukuficha, aliogopa kuliko siku aliyokimbizwa na wezi wenye mapanga, maana kule alijua aelekee wapi. Nakala za karatasi ni uzembe, na uzembe una onyo lake. Hili lilikuwa na jina jingine, nalo lilikuwa na jela yake.

"Mheshimiwa, sijamaliza."

Safari hii hakimu aliweka kalamu mezani kabisa.

"Shahidi wa kwanza hakunitajia mshtakiwa," Sajini akasema. "Aliniambia aliona mtu akitoka ghalani mbio, amebeba kitu begani, na giza limeanza kuingia. Basi. Mimi ndiye niliyemuuliza: ni yule fundi aliyefukuzwa, sivyo? Akanitazama. Akasema, ndiyo afande, huenda. Mimi nikaandika kwamba alimtambua vyema kwa sura na kwa mwendo. Jina lilitoka kwangu."

Mwendesha mashtaka alikuwa wima. "Mheshimiwa! Napinga kwa nguvu zote! Shahidi huyu amehongwa. Nimemwona kwa macho yangu asubuhi, mlango ulipofunguka, akizungumza koridoni na mama wa mshtakiwa. Asubuhi anasema hivi, saa tano anasema vile, baada ya robo saa vile vingine. Kesho atatuambia ghala halikuvunjwa!"

"Kaa chini," hakimu akamwambia. Akamgeukia Sajini, na macho yake hayakuwa na huruma wala hasira. "Mwanzo uliniapia kwamba watatu walisema wenyewe. Kisha ukasema ni mmoja. Sasa unasema hata huyo mmoja hakusema. Kwa kiapo kilekile. Nikuamini wewe yupi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Una kisigino kingine cha kunionyesha?"

"Sina. Tulikuwa wawili tu chumbani."

"Kwa hiyo ni neno la mtu aliyekiri uongo dhidi ya neno la mtu mwenye kovu." Akavua miwani, akayasugua macho. "Tangu asubuhi nimekaa hapa, na sijampata mtu mmoja ambaye hakudanganya. Wapagazi wamedanganya, mshtakiwa amedanganya, na wewe umewapita wote. Lakini sikuletwa hapa kutafuta malaika. Wangekuwa malaika, wasingehitaji hakimu. Kazi yangu ni kujua kila mmoja amedanganya wapi, na kwa nini, na kilichobaki baada ya hapo kina uzito gani." Akarudisha miwani. "Shahidi wa kwanza, sogea mbele. Na wewe, Sajini, baki hapohapo ulipo."

Mrefu akaja, viatu mkononi, hajapata nafasi ya kuvaa. Akakumbushwa kiapo chake. Alisimama hatua tatu tu kutoka kizimbani, na feni juu yake ikilia kwi, kwi, kwi.

"Nisikilize vizuri," hakimu akasema polepole. "Sitakuuliza nani alitoka ghalani. Nakuuliza hili tu. Jioni ile kituoni, jina la fundi lilitajwa kwanza na nani?"

Polepole, Mrefu akageuza kichwa akamtazama Sajini.

Hakumtazama kwa chuki, wala kwa hofu hasa. Alimtazama jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu ubaoni, chaki mkononi, akitafuta usoni mwake kama jibu ni ndiyo au hapana. Ni jicho lilelile la jioni ile. Sajini alilitambua, na aibu ikampanda kutoka miguuni hadi utosini. Angeweza kumpa jibu kwa kupepesa tu. Mwili wake wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na saba, ulikuwa unataka kumsaidia. Akamgeuzia kisogo, akautazama ukuta, akaanza kuhesabu mabaka ya rangi iliyobanduka.

"Mbona unamtazama yeye?" hakimu akauliza. "Swali nimekuuliza mimi."

"Mheshimiwa..." Mrefu akahamisha viatu kutoka mkono huu hadi mwingine. "Mimi niliona mtu. Hilo ni kweli, wallahi, niliona mtu. Afande akauliza, ni fulani, sivyo? Nikamwangalia, nikaona anataka iwe ndiyo. Sasa mtu kama mimi, afande akikuuliza hivyo na kalamu anayo mkononi, utasema nini?"

Hakimu akaokota kalamu. Aliandika sentensi hiyo yote, na kwa kuwa ilikuwa ndefu, kila mtu alisubiri.

Alitoka kwenda ofisini kwake kwa nusu saa. Aliporudi alisoma uamuzi mfupi, sauti yake kavu. Akasema shahidi anayetazama uso wa mpelelezi ili ajue alichokiona hajaona kitu cha kumfunga mtu. Kuhusu Sajini alisema hivi: neno la mwongo halitupwi lote wala halimezwi lote, na sehemu ya kuipima kwa makini zaidi ni ile isiyomnufaisha aliyeisema. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu, aachiwe. Shahidi wa nne ashikiliwe kwa kuapa uongo na kwa kutunga ushahidi. Mama yake fundi hakusubiri kusikia hili la pili. Alikuwa amekaa sakafuni, analia kwa sauti, mkoba umemwagika, na Kipara akimwokotea vitu vyake kimoja kimoja.

Chumba cha mahabusu kilikuwa chini, ngazi kumi na mbili. Kulikuwa na meza moja, na askari mmoja, na kwenye meza hiyo fundi na Sajini wakakutana: mmoja amekuja kuchukua vitu vyake, mwingine amekuja kuviacha. Askari alikuwa kijana aliyefunzwa kuandika maelezo na Sajini mwenyewe, na hakujua ayaweke wapi macho yake. Akampa fundi mkanda wake na kamba za viatu ndani ya bahasha.

Fundi akavaa mkanda. Tundu la mwisho halikutosha tena. Ilibidi aishike suruali kwa mkono.

"Nisamehe, mwanangu," Sajini akasema.

Alitarajia tusi. Alitarajia hata ngumi, na angeipokea. Ndani kabisa, naona haya kulisema, alikuwa anatarajia shukrani kidogo. Si ndiye aliyefungua mdomo?

Fundi alikuwa akipitisha kamba kwenye kiatu, bila haraka. "Afande," akasema, hajainua kichwa, "mama huniambia yule mlinzi huwa anapita kwetu. Mkewe anamshika mkono kama mtoto. Aliyempiga bado yuko huko nje. Miezi kumi na minne hakuna hata mmoja aliyemtafuta, kwa kuwa mlikuwa na mimi."

Akafunga kamba, akasimama, akapanda ngazi kwenda kwa mama yake.

Sajini alibaki amesimama mbele ya meza. Kwa miezi yote ile alikuwa amewaza juu ya fundi, juu ya karatasi, juu ya cheo chake, lakini jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini hata siku moja. Kijana akasubiri kidogo, kwa heshima, kisha akamwomba mkanda.